Shikamoo ya Mkimbiaji

Kinondoni ya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa na Desemba ya kula na Januari ya kutoa jasho. Wenye Krismasi walipika, wasio na Krismasi walialikwa, na sahani za pilau zilizofunikwa kwa kawa zilipita mlango hadi mlango mpaka usiku wa mkesha. Mwaka ukishageuka, watu walianza kujitazama. Suruali za kazini zilikataa kufunga. Blauzi zilibana kwapani. Hapo kila mtu alitafuta dawa yake, na uzuri wa mtaa ule ni kwamba hakukuwa na dawa mbili zilizofanana.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, nikikaa kwa shangazi yangu kati ya viwanja vya Biafra na makaburi ya Kinondoni. Baraza letu lilitazama barabara ya vumbi, na asubuhi za Januari, chai ikiwa jikoni, mtaa mzima ulipita mbele yangu. Nayaandika haya kwa sababu wengi wa wale niliowaona wametangulia mbele ya haki, na wajukuu wao huniuliza kama ni kweli bibi zao walicheza rede, mchezo wa watoto wa kukwepa mpira, wakiwa watu wazima. Ni kweli. Niliwaona.

Wa kwanza kutoka alikuwa mzee mmoja mstaafu wa Shirika la Reli. Kazi yake yote alikuwa gadi wa treni, na kutembea kwake kulikuwa kwa ratiba. Akitoka msikitini alfajiri alirudi nyumbani, akavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu, akajifunga leso shingoni, akatazama saa, akaondoka. Mama wa maandazi hakuwa na saa. Akimwona mzee anapinda kona ya genge alijua ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na akatia fungu la mwisho kwenye karai. Mzee hakukimbia hata siku moja. Vijana wakimshawishi aongeze mwendo, aliwajibu kwamba treni ya mizigo haishindani na ya abiria, na zote mbili zinafika Kigoma.

Nyuma yake walikuja wakimbiaji, na hapa ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote. Kijana aliyelelewa hawezi kumpita mzee kimya, hata kama anakimbia na pumzi zimemwishia. Kwa hiyo kila aliyemfikia mzee wa reli alilazimika kutoa shikamoo. Mzee naye hakuwa mtu wa kujibu marahaba akanyamaza. Aliuliza. "Marahaba mwanangu, mama hajambo?" Kijana alikuwa ameshapita nguzo mbili za umeme, akageuka, akawa anarukaruka papo hapo, akajibu kwamba mama hajambo. "Na yule mdogo wako, homa imemwacha?" Imemwacha, mzee. "Haya, nenda, nisikucheleweshe." Hapo amekwisha kumchelewesha, na mwenzake wa nyuma amefika, naye anavuta pumzi atoe shikamoo yake.

Wapo walioanza kupitia njia ya makaburini ili wasikutane naye. Lakini kijana mmoja, mwanafunzi wa ualimu, aligundua kitu. Alisema kwamba akiweza kutamka shikamoo nzima bila kuikata katikati, mwendo wake ni mzuri. Ikitoka "shika" halafu "moo" ikachelewa, basi anajiua, apunguze. Miaka mingi baadaye nilimsikia daktari akifundisha kipimo hicho hicho: mtu anayefanya mazoezi ya wastani anatakiwa aweze kuzungumza, ila asiweze kuimba. Nilifurahi mno. Mtaa wetu ulikuwa nacho siku zote, na ulikipata kwa adabu.

Januari ya 1990 wakimbiaji walizidi. Novemba iliyotangulia Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, alikuwa ameshinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Hatukuwa na matangazo ya televisheni Tanzania Bara wakati ule. Habari zilitufikia kwa redio na magazeti, na kila mtu alijichorea mbio zile kichwani mwake. Walichokijua wote ni kwamba Ikangaa hukaa mbele tangu mwanzo, hasubiri. Wazee wakaongeza kwamba hata Filbert Bayi alikuwa hivyo hivyo: mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Basi vijana wetu nao wakatangulia. Waliondoka Biafra kwa kasi ya kuogofya, vifua mbele. Kufika makutano ya Morocco wengi walikuwa wanatembea. Waliofika Daraja la Salenda wakikimbia walihesabika, na walirudi wakiwa wameshika mashati mkononi, wanaongea kwa raha, na kesho yake walitoka tena kwa kasi ile ile. Hakuna aliyewaambia waanze polepole. Wangekosa ile furaha ya dakika tano za kuwa Ikangaa, nami naiona furaha hiyo kuwa sababu ya kutosha ya kuamka mapema.

Wanyanyua vyuma hawakwenda popote. Walikuwa nyuma ya nyumba ya fundi magurudumu, chini ya mwembe, na gimu yao ilijengwa kwa mikono. Niliwahi kupelekwa na binamu yangu, aliyekuwa mmoja wao, kuitazama kwa karibu. Chuma chenyewe kilikuwa bomba la maji la inchi moja, na kila upande lilikuwa limetumbukizwa kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililojazwa zege. Majina ya mafuta yalikuwa bado yanasomeka. Kopo moja lilijazwa siku ambayo saruji ilikuwepo ya kutosha, la pili siku ambayo mchanga ulizidi, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine. Walijua. Walikuwa wameufunga upande mzito kwa kitambaa chekundu, na sheria ya pale ilikuwa kwamba ukimaliza kunyanyua mara kumi, mwenzako anakugeuzia bomba ili mkono wa pili nao upate haki yake. Hakuna aliyepiga tizi peke yake, kwa sababu peke yako usingeweza kugeuza bomba. Wakinyanyua, watoto walikaa juu ya tawi la mwembe wakihesabu kwa sauti, na embe dodo likianguka ni la aliyekuwa akihesabu.

Upande wa pili wa barabara walikuwepo vijana wa karate, wale waliokwenda kujifunza Goju-ryu pale Shule ya Zanaki na kurudi mtaani kuwafundisha wenzao. Mavazi yao yalishonwa kwa amerikani na fundi cherehani wetu, na yalipofuliwa mara ya kwanza yalirudi vifundoni. Hawakukimbia wala kunyanyua. Walisimama. Walisimama mguu mbele, mguu nyuma, muda mrefu kuliko mpita njia alivyoweza kuvumilia kutazama, halafu wakapiga ukelele mmoja uliowaamsha bata wa jirani.

Shangazi yangu aliwatazama wote hao kwa upendo na hakumfuata hata mmoja. Mazoezi yake ya Januari yalikuwa kwenda Kariakoo kwa miguu. Alishuka Barabara ya Kawawa mpaka Magomeni, akavuka Jangwani, akapita Fire, akaingia Mtaa wa Msimbazi na kikapu chake. Kurudi alipanda daladala, maana kikapu kilikuwa kimejaa. Nikimuuliza kwa nini hatembei miezi mingine, alisema Januari ina ada za shule, ina kodi ya nyumba, na ina kitambi, na mguu unatibu vyote vitatu kwa safari moja. Nadhani nusu ya watembeaji wa Dar es Salaam mwezi ule walikuwa na hesabu kama yake. Sioni ubaya. Nauli iliyobaki mfukoni ni matokeo ya mazoezi sawa na kiuno kilichopungua, tena hiyo inaonekana siku ile ile.

Kulikuwa na dada wawili wa nyumba yenye geti waliokuwa na deki ya video na mkanda wa mazoezi wa Jane Fonda. Walialika wanawake wa mtaa saa kumi na moja jioni, makochi yakasukumwa ukutani, na sebule ikajaa kanga na fulana. Kiingereza cha mkanda hakikueleweka sana, lakini mguu ukiinuliwa unaonekana umeinuliwa. Halafu ukaja wakati wa mgao wa umeme. Katikati ya zoezi televisheni ilizima puu, na mimi nilidhani tutakaa chini tunywe sharubati. Mama mmoja muuza samaki akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, badili! Tukabadili. Tangu siku hiyo, hata umeme ukiwepo, wengi walipendelea kuhesabiwa na yule mama, kwa sababu Jane Fonda hakumwita mtu kwa jina, na mama wa samaki alikuita kwa jina na jina la mtoto wako wa kwanza.

Jirani yetu fundi seremala alikuwa mtu wa Makunduchi, Unguja, na yeye alikataa katakata kwamba Januari ni mwaka mpya. Mwaka wake, alisema, unaingia Julai. Kwao siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka kila mwenye kinyongo amekitoa, kibanda kikachomwa moto, na baada ya hapo ni ngoma na chakula. Hayo ndiyo mazoezi, alituambia, mengine ni kuchosha viatu. Basi Januari nzima alikaa kwenye benchi lake akipiga randa, akiwatia moyo wapitao, na Julai alisafiri kwa boti, akarudi na mabega yamevimba na uso umekunjuka. Hakuna aliyemwambia amechelewa.

Na wapo waliorudi kutoka Kilimanjaro. Jirani yetu mhasibu, Mchagga wa Kibosho, alikwenda nyumbani kila Desemba kama wenzake wote, akala ndafu, akanywa mbege, akarejea mwaka ukishaanza akiwa amenawiri. Alilalamika kwamba Dar es Salaam ni tambarare mno, hapana mlima wa kumfaa mtu. Dawa yake ikawa ngazi za ofisini kwao mjini: alipanda mpaka ghorofa ya juu na kushuka, koti begani, kabla wenzake hawajafika. Mlinzi wa jengo akaanza kupanda naye kwa kumwonea huruma, na mwisho wa mwezi mlinzi ndiye aliyekuwa akimwamsha kwa simu ya mezani.

Siku hizi Januari imepata sura nyingine, na ninaifurahia pia. Vikundi vya kukimbia vina fulana za rangi moja na majina mgongoni. Tangu 2022 lipo Daraja la Tanzanite, na asubuhi za Jumamosi watu hulipanda wakipigana picha. Zanzibar wameifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi kitaifa, vikundi vinatembea barabarani pamoja na viongozi. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyetuongoza mpaka 1995, alijulikana kwa mazoezi mpaka uzeeni na aliishi miaka 98. Yote ni mema. Linalonisumbua ni sauti ya wale wanaosema kuna njia moja tu: ukitembea unaambiwa kimbia, ukikimbia unaambiwa nyanyua, ukinyanyua unaambiwa umekosea mgongo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Halijasema dakika hizo zivae viatu gani. Mwendo wa shangazi kwenda Kariakoo umo ndani yake, na rede imo.

Naam, rede. Niliahidi wale wajukuu kwamba nitaiandika.

Ilikuwa Januari ya 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha wakati ambao kwa kawaida kaskazi huvuma na ardhi imekauka. Jangwani kulijaa maji, Mkwajuni watu walihamisha magodoro, na Biafra ilikuwa madimbwi matupu. Tena mwaka ule Ramadhani iliandama na mwaka mpya wenyewe. Tulianza kufunga siku zile zile watu walipokuwa wakipeana heri ya 1998. Ratiba zote za mtaa zikapinduka. Mzee wa reli alihamishia safari yake jioni, akajipima afike mlangoni adhana ya magharibi inapolia. Wakimbiaji waliofunga walikimbia nusu saa ya mwisho kabla ya futari, na wasiofunga wakakimbia nao saa ile ile, ingawa wangeweza kukimbia wakati wowote, kisha wakafuturu nao. Mhasibu wetu wa Kibosho, akiwa ametoka kwenye ngazi zake, alikuwa wa kwanza kuketi mkekani akisubiri uji wa pilipili manga.

Wanawake walibaki bila pa kwenda. Sebule ya Jane Fonda ilivuja. Ndipo usiku mmoja, baada ya tarawehe, mvua ikiwa imepumzika, mama wa samaki alitoka na mpira wa soksi na chupa tupu ya soda, akachora mistari kwenye uchochoro wenye taa. Akasema anataka kuona ni nani bado anaweza. Wawili wakasimama ncha hii na ncha ile kurusha mpira. Katikati akaingia jirani yetu mmoja, mama wa watoto sita, mwili mkubwa, kanga ameifunga kibwebwe. Kazi yake ilikuwa kuijaza chupa mchanga kwa kiganja huku akikwepa mpira. Aliinama akachota, akaruka. Akachota, akajipinda, mpira ukapita kwenye ubavu wake na kumgonga kuku. Sote tulipiga kelele. Sijawahi kuona mtu mzima mwepesi namna ile, na uso wake ulikuwa wa msichana wa darasa la tano. Mchanga ulikuwa umelowa, haushuki kwenye mdomo wa chupa, ikabidi ausukume kwa kidole huku mpira unamjia, na hapo mchezo ulikuwa mgumu kuliko ulivyopata kuwa utotoni mwetu. Usiku wa pili walikuja wengi. Usiku wa tatu waume walileta viti. Mwezi mzima, mvua ikikatika, rede ilichezwa, na mama wa samaki akihesabu.

Ramadhani ikaisha na Januari. Idd Pili mtu mmoja akatoa wazo kwamba mtaa uamue kwa kuvuta kamba ni mazoezi gani yaliyojenga watu kweli, na seremala wa Makunduchi akaazima kamba nene ya jahazi kwa wavuvi wa Msasani. Mhasibu akatoa kreti la soda liwe zawadi. Uwanja wa Biafra ulikuwa tope. Mzee wa reli aliteuliwa mwamuzi, akaja na filimbi yake ya ugadi na bendera ya kijani, vitu ambavyo kumbe alikuwa amevitunza kabatini muda wote ule.

Wakimbiaji walivutwa na wanakarate, kwa sababu wanakarate walijua kusimama. Wanakarate wakavutwa na wanyanyua vyuma, polepole, huku ukelele wao ukisikika mpaka wanaanguka. Ndipo kina mama wa rede wakavua kandambili. Wanyanyua vyuma walicheka kwa heshima, wakawaamkia, na walikuwa bado wanaitikiwa marahaba filimbi ilipolia.

Vijana walikuwa na nguvu, hilo lilionekana; mishipa iliwasimama shingoni. Lakini kila mmoja alivuta kwa wakati wake. Upande wa pili mama wa samaki alikuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, badili, na kila "badili" kisigino kilizama topeni na kamba ikaja nao hatua moja. Tatu, nne, badili. Binamu yangu alikuwa wa mbele kwenye kamba, na alikuwa wa kwanza kuvuka mstari, kwa magoti. Bendera ya kijani ikapanda. Seremala alirusha kofia yake juu akasema hii sasa ndiyo Makunduchi.

Soda zilinywewa pale pale, washindi na walioshindwa, kwa kupokezana. Kreti liliporudishwa dukani lilikuwa na mapengo, kwa sababu kina mama walikuwa wameshachagua chupa za kwenda nazo uchochoroni. Mhasibu alilipia chupa zilizokosekana bila kinyongo, na jioni ile ile akaja na suruali aliyoikunja hadi magotini, akaomba naye afundishwe rede.